Uzi: Muziki wa kale wa Ulaya kwa sikio la Mombasa, uanzie wapi?

Mtu wa Kibokoni

Assalaam alaykum, na wengine hamjambo.

Kila nikiutaja muziki wa kale wa Ulaya humu ndani, hakosi mtu wa kuniuliza aanze na nini. Jibu analopewa kwingine ni lile lile: anza na Beethoven, simfoni ya tano, halafu Mozart. Mimi silikubali. Mtu aliyekulia hapa Mvita, akasikia udi na fidla kwenye harusi na kasida kwenye maulidi, ukimtupa moja kwa moja kwenye okestra ya watu sabini hapati pa kushika. Sikio analo, tena zuri, ila limelelewa kufuata sauti moja inayopinda na kunakshiwa, chombo kimoja kinachojibu, na maneno yenye vina na mizani. Basi mpe hivyo hivyo. Rudi nyuma miaka mia mbili, mia tatu, hata mia sita kabla ya Beethoven, utaukuta muziki ambao adabu yake ya kusikiliza unayo tayari.

Mimi naanza na luti, kwa sababu luti ni mtoto wa udi. Waislamu wa Andalusi waliufikisha udi Uhispania, Wazungu wakaupokea na tumbo lake lile lile la mviringo, wakaufunga nyuzi za utumbo shingoni ili kidole kijue pa kukanyaga. Kwa muda mrefu waliendelea kuupiga kwa unyoya kama wetu. Kuelekea mwisho wa karne ya 15 wakauacha unyoya wakaanza kudona kwa vidole, na hapo ndipo njia zetu zilipoachana. Unyoya unakwenda na mstari mmoja. Vidole vinaweza kuchukua mistari mitatu kwa pamoja, mmoja juu unaimba, mmoja katikati unajibu, mmoja chini unatembea.

Rekodi ya kuanzia: John Dowland, Mwingereza aliyeishi 1563 hadi 1626, apigwe na Paul O'Dette. O'Dette amerekodi kazi zote za Dowland za luti kwenye diski tano za kampuni ya Harmonia Mundi. Usizimeze zote. Tafuta Lachrimae, yaani machozi, peke yake. Inaanza kwa noti nne zinazoshuka moja baada ya nyingine, polepole, na hizo noti nne ndizo chozi lenyewe. Halafu zinarudi, zimepambwa, safari hii vidole vinakimbia katikati ya zile noti wakati chozi bado linaanguka. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Zein l'Abdin akifungua wimbo kwa udi mtupu, kabla fidla na ngoma hazijaingia, atajua mara moja anachosikiliza. Ukiweza, weka Mtindo wa Mombasa wa Zein, ile ya kampuni ya GlobeStyle ya 1990, kisha Dowland, kisha Zein tena.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Binti Tudor

Ami, shukran. Nimeisikiliza hiyo Lachrimae leo kwenye matatu nikitoka kazini. Nzuri, lakini imelala sana kwangu. Mimi nataka kitu chenye mdundo. Halafu nikitafuta Dowland YouTube naletewa video za saa kumi za muziki wa kulalia, sijui ipi ndiyo ipi.

Mtu wa Kibokoni

Mwanangu, hapo kwenye kutafuta umegusa jambo kubwa. Muziki huu hautafutwi kwa jina la wimbo wala la mtunzi peke yake, maana mtunzi alikufa zamani na kila mtu anampiga apendavyo. Andika jina la mtunzi, jina la kipande, na jina la mpigaji. Mpigaji ndiye anayekupa ladha. Hata taarab ni hivyo: wimbo mmoja akiimba Juma Bhalo ni mambo mengine, akiuchukua mwingine ni mengine.

Na matatu si mahali pa luti. Luti ni chombo cha chumbani, sauti yake haivuki ua. Mle ndani ya matatu umepata labda nusu ya noti.

Ama mdundo, nakupa La Tarantella ya kundi la L'Arpeggiata, kiongozi wao Christina Pluhar, lebo ya Alpha, 2002. Hii imetoka kusini ya Italia. Huko Puglia mtu, aghalabu mwanamke, akisemekana ameumwa na buibui, waliitwa wapigaji. Wanamjaribia mahadhi haya na yale mpaka wapate linalomwamsha, akilipata anacheza, na wanapiga mpaka atulie. Wewe uliyekulia pwani sina haja ya kukueleza kupunga pepo ni nini. Sikiliza matari yao, matoazi madogo yamechomekwa kwenye fremu na mkono haupumziki. Msikilize Lucilla Galeazzi anavyoimba kwa koo lililo wazi, bila kulainisha. Wengi hudhani muziki wa kale wa Ulaya ni wa watu waliovaa suti wamekaa kimya. Huu ulikuwa wa uwanjani.

Binti Tudor

Wallahi Ami hii ndiyo. Nimeirudia mpaka mamangu kauliza harusi ni ya nani.

Mwanakwaya wa Ganjoni

Habari zenu ndugu. Mimi ni tena (tenor), yaani sauti ya juu ya wanaume, katika kwaya ya kanisa, nimelelewa na solfa, zile do-re-mi, tangu shule ya msingi, na nataka kumuongezea mzee kidogo upande wa sauti.

Kwaya zetu nyingi hapa zinaijua Haleluya ya Handel, tunaiimba Krismasi na Pasaka. Wengi wetu hatujawahi kuisikia kazi nzima ya Messiah, ambayo iliimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742. Tafuteni ya Christopher Hogwood na Academy of Ancient Music, Emma Kirkby akiwa mmoja wa waimbaji. Kwaya ndogo, vyombo vya zamani, kila sauti inasikika. Ukiwa umezoea Haleluya ya watu mia mbili na kinanda cha umeme, utashangaa jinsi ilivyo nyepesi na ya haraka.

Njia yangu ya kusikiliza nyimbo za sauti nyingi ni hii: nachagua sauti moja na kuifuata mwanzo hadi mwisho. Mimi ni tena, nafuata tena. Mara ya pili nafuata besi. Usijaribu kushika zote nne kwa mara moja, utachoka na utasema muziki ni mgumu. Mzee, una rekodi gani za kwaya za zamani kuliko Handel?

Mtu wa Kibokoni

Ndugu yangu, hapo umenifungulia mlango, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Sote tunaijua Ngome ya Yesu hapa Mombasa. Wareno walianza kuijenga 1593 na ikawa tayari 1596. Tunajua mizinga yake, tunajua kuta zake, watoto wa shule wanapelekwa kila muhula. Lakini watu wale waliojenga kuta zile walikuwa na muziki, na kule kwao Lisbon ndio ulikuwa wakati wake wa dhahabu. Mtafuteni Manuel Cardoso, aliyezaliwa 1566, padri wa Kikarmeli wa Lisbon. Misa yake ya wafu ya sauti sita ilichapishwa 1625, miaka sita tu kabla Sultani Yusuf bin Hasan hajawageuka Wareno hapa Mombasa. Waliorekodi vizuri ni Tallis Scholars, kiongozi Peter Phillips, lebo ya Gimell, 1990.

Sikiliza dakika ya kwanza tu. Sauti zinaingia moja moja, zinakutana mahali ambapo hazikai sawa, zinakwaruzana, kisha zinafunguka. Ule mkwaruzo umewekwa makusudi. Kila ninaposikia huwa najiuliza askari aliyeletwa huku kutoka Lisbon, akafa kwa homa, alisomewa nini. Mapadri wa Kiagustino walikuwa na nyumba yao hapa hapa mjini.

Mwenzake Cardoso ni Duarte Lobo, naye Tallis Scholars wamemrekodi. Na upande wa Uhispania yuko Tomás Luis de Victoria, misa ya wafu aliyomtungia Maria, mjane wa kaisari, aliyefariki 1603, ikachapishwa 1605. Kwa Wareno kuna jambo la kusikitisha: tetemeko la Lisbon la 1755 liliteketeza maktaba ya muziki ya mfalme João wa Nne, mojawapo ya kubwa kabisa Ulaya. Tunachosikia leo ni mabaki.

Ukitaka kuona sauti nyingi zinaweza kufika wapi, iko Spem in alium ya Thomas Tallis, Mwingereza wa karne ya 16. Sauti 40, kwaya nane za watu watano watano, na kila mmoja ana mstari wake mwenyewe. Inaanza na wachache, kwaya zinaingia kwa zamu, na inapofika kipimo (bar) cha 40 wote wanaimba pamoja kwa mara ya kwanza. Tallis Scholars pia wanayo. Hii usiisikilize kwa spika ya simu, nakuomba.

Abu Rukia

Shekhe, uzi mzuri lakini mimi nyimbo za ibada za kanisani nitaziacha kwa wenyewe, na naamini utanielewa. La pili, ninachokosa kwa Wazungu ni zile noti za katikati. Mimi napiga ganuni kidogo. Nikisikiliza piano naona kama mtu anaruka ngazi. Hamna maqamu zetu, ile mipangilio ya noti kama bayati na sika, kila kitu kimenyooshwa.

Mtu wa Kibokoni

Nimekuelewa yakhe, wala hukukosea. Yako mengi yasiyo ya ibada.

Kuhusu noti za katikati, kwenye piano ya leo kila oktava, yaani toka noti hadi mwenzake wa juu, imegawanywa sawasawa nafasi 12, na hilo ndilo unalolisikia. Zamani hawakuwa wamebanwa hivyo. Walikuwa na namna nyingi za kutuni, na sauti yao ya kuanzia ilikuwa tofauti mji kwa mji. Makundi mengi yanayopiga muziki wa enzi ya Bach, mtunzi wa Kijerumani, leo yanatuni noti ya A kwa mitetemo 415 kwa sekunde, chini ya 440 ya sasa kwa karibu nusu toni. Hata hivyo bayati hutaipata kwa Bach, tusidanganyane.

Utaipata kwa Jordi Savall. Huyu ni Mkatalunya, anapiga viola da gamba, chombo cha upinde nitakachokieleza, na maisha yake yote amekataa kuchora mpaka kati ya Ulaya na Mashariki. Tafuta Istanbul, lebo yake mwenyewe ya Alia Vox, 2009. Humo amechukua kazi za Dimitrie Cantemir, mwana wa mfalme wa Moldavia aliyeishi Istanbul miaka mingi, akajifunza tanbur, chombo cha nyuzi cha Kituruki, na karibu na mwaka 1700 akaandika vipande kama 350 vya muziki wa Kituruki kwa alama alizobuni mwenyewe. Bila yeye vingi vingepotea. Waliopiga humo ni Waturuki, Waarmenia, Mmoroko wa udi Driss El Maloumi, pamoja na watu wa Savall. Derya Türkan anapiga kemenche, fidla ndogo ya Kituruki, na kwa mtu aliyezoea fidla ya taarab ile sauti inakaa kifuani moja kwa moja. Maqamu ni maqamu halisi.

Ukimpenda, endelea na Orient-Occident ya 2006. Halafu uje kwa viola da gamba yenyewe: Marin Marais, Mfaransa, Savall akipiga. Chombo cha nyuzi saba, kinashikwa kwa miguu, kina utumbo shingoni kama luti, kinapigwa kwa upinde. Hakuna neno hata moja la ibada.

Abu Rukia

Nimesikiliza vipande vinne vya Istanbul baada ya isha. Huyo wa kemenche anajua. Kuna mahali anaishikilia noti anaitetemesha taratibu halafu anaiachia kwenye noti ya chini bila haraka, nikamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa akitupigia fidla Bondeni zamani. Hiyo viola da gamba nitaijaribu kesho.

Fundi wa Bondeni

Mimi kazi yangu ni kutengeneza redio na spika kwa hiyo niseme la kwangu.

Spika ya simu haina noti za chini. Nyuzi za chini za luti, besi ya kwaya, tumbo la selo (ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa), vyote vinakatwa. Si lazima ununue kitu cha bei. Earphone za waya za kawaida zinazoziba sikio vizuri zinatosha kuanzia, mradi zikae imara sikioni. Na ukiwa na redio kubwa ya zamani ndani, iunganishe na simu kwa waya, utashangaa. Feni ya dari zima kwa dakika kumi kama joto linakuruhusu.

Kingine, msiogope rekodi za zamani zenye kukwaruza. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928, na sahani za wakati ule upande mmoja ulichukua dakika tatu au nne tu. Pablo Casals alirekodi selo za Bach kati ya 1936 na 1939 kwa aina ile ile ya sahani na maikrofoni. Mtu aliyezoea kumsikiliza Siti nyuma ya mkwaruzo, Casals hatamsumbua hata kidogo.

Mtu wa Kibokoni

Fundi, Mungu akuzidishie. Casals nilikuwa nimwache mwisho, lakini umemleta, tumkaribishe.

Bach alitunga suti sita za selo, yaani mafungu sita ya vipande vya muziki, selo peke yake, hakuna anayemsindikiza. Kwa miaka mingi watu walizichukulia kuwa mazoezi ya wanafunzi. Casals alizikuta kwenye duka la noti Barcelona akiwa na miaka 13, akakaa nazo miaka mingi kabla ya kuzipiga mbele ya watu, na alipozirekodi alikuwa na miaka kama sitini. Ndiye aliyezirudisha duniani. Anza na utangulizi wa suti ya kwanza. Selo inapiga noti moja moja, lakini Bach amezipanga hivi kwamba sikio lako linajaza zile zilizokosekana, unasikia mistari miwili mitatu ambayo haiko. Kumbuka nilivyosema kuhusu unyoya na vidole. Hapa Bach anafanya kazi ya vidole kwa mstari mmoja.

Ukitaka sauti safi zaidi na nyuzi za utumbo, Anner Bylsma, 1979. Casals anakuhubiria, Bylsma anazungumza nawe. Mimi nawapenda wote wawili, ila akiniuliza mgeni nampa Bylsma kwanza.

Kwa piano iko Goldberg Variations ya Bach, Glenn Gould. Ameirekodi mara mbili, 1955 akiwa kijana wa miaka 22, dakika 38 hivi, na 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa, dakika 51. Mtu yule yule, noti zile zile. Sikiliza wimbo wa mwanzo tu katika zote mbili. Utamsikia pia anaguna chini kwa chini anapopiga.

Vivaldi na misimu yake minne sina mengi ya kusema, mnaisikia kila mahali. Nitasema hili tu: ilipochapishwa 1725 kila msimu ulikuja na shairi lake, na kwenye noti zimeandikwa herufi kuonyesha mstari gani wa shairi unapigwa wapi. Katika sehemu ya pili ya msimu wa kwanza mchungaji amelala na viola, yaani fidla kubwa kidogo, ni mbwa wake anayebweka. Sisi wa kusi na kaskazi baridi ile hatuijui, lakini shairi tunalijua. Isikilize na shairi mkononi, kwa Il Giardino Armonico au kwa Fabio Biondi.

Mwanakwaya wa Ganjoni

Mzee, na zile za sauti moja? Wanakwaya wangu wanaogopa sauti sita.

Mtu wa Kibokoni

Hildegard wa Bingen. Mtawa wa Kijerumani, alizaliwa 1098, akafa 1179. Alitunga maneno na mahadhi mwenyewe. Rekodi ni A Feather on the Breath of God, Gothic Voices chini ya Christopher Page, Emma Kirkby akiimba, 1981, Hyperion. Sauti moja inapanda, na chini yake kuna sauti nyingine inashikilia noti moja tu bila kutikisika. Silabi moja ya neno inachukua noti kumi na zaidi kabla ya kuachiwa. Hiyo ndiyo ninayosema kila siku, kwamba mwenye kuzoea kasida hafundishwi hapa.

Na ukitaka za katikati, baina ya watu wa dini mbalimbali, ziko Cantigas de Santa Maria, nyimbo zaidi ya 400 zilizokusanywa na mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla katika karne ya 13. Katika kitabu chake kimoja mna picha za wapigaji, na moja inamwonyesha Mwislamu na Mkristo wameketi pamoja na vyombo vyao. Savall amezirekodi 1993. Ngoma, filimbi, vyombo vya nyuzi. Binti Tudor, hizi utazipenda.

Binti Tudor

Ami nimezipenda, zile za ngoma hasa. Na Lachrimae nimeirudia kitandani kwa earphone kama alivyosema Fundi, sasa naisikia ile mistari mitatu. Sasa nina swali moja na usinikasirikie. Mimi Beethoven namtaka pia. Nimwanzie wapi?

Mtu wa Kibokoni

Nikukasirikie kwa nini, mwanangu. Nilisema asiwe mwanzo, sikusema asiwepo.

Iache simfoni kwa sasa. Mwendee kwa watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Mwaka 1825 Beethoven aliugua sana, na alipopata nafuu akatunga sehemu ya tatu ya kwateti ya Opus 132, wimbo wa shukrani wa mgonjwa aliyepona. Alipotaka kushukuru aliziacha njia za wakati wake, akarudi kwenye mfumo wa zamani wa kanisa, ule ule wa kina Tallis na Victoria, akaandika juu ya noti kwamba iko katika Lydia, mojawapo ya ngazi za mfumo huo. Ndiyo maana nilitaka upitie kwa hawa kwanza. Noti ni ndefu, watu wanne wanapumua pamoja. Mara mbili inakatizwa na kipande cha furaha, ambapo ameandika kwamba mtu anahisi nguvu mpya, halafu ule wimbo unarudi, kila safari umezidi kusukwa.

Rekodi ni Takács Quartet, Decca. Ukishaizoea, nenda kwa Busch Quartet ya 1937, ina mkwaruzo lakini wanaimba kwa upinde. Sehemu hiyo peke yake inakaribia robo saa au zaidi, kwa hiyo tafuta wakati. Na ikiisha usizime. Sehemu ya nne ni maandamano mafupi ya dakika mbili tu, kisha fidla ya kwanza inazungumza peke yake kama mtu anayeita, na sehemu ya tano inaingia kwa kasi.